Roketi Zilizopaa Bahari Yetu



Qurani yatuamuru mara nyingi tuzitazame mbingu na kuzifikiri, na katika sisi wako wadhanio kuwa amri hiyo huishia kwenye kuutafuta mwezi wa Ramadhani. Wengine husema habari zote za vyombo vya angani ni uwongo wa Wazungu. Hawa na wende Ngomeni, karibu na Malindi, wakawaulize wazee.

Mwaka 1967 Wataliana, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walirusha setilaiti yao kutoka jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini, katika ghuba ya Ungwana. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa hapo hapo setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani iliyofanywa makusudi kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota. Wakaiita Uhuru, kwani siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Roketi ya mwisho ilipaa hapo mwaka 1988.

Kwa nini wakaja kwetu? Si kwa mapenzi. Ardhi huzunguka kuelekea mashariki, na penye ikweta mwendo wake hupata kilomita 1,670 kwa saa. Roketi irushwayo upande huo huupata mwendo huo bure, ikahitaji mafuta machache zaidi. Tena mashariki yetu ni bahari tupu. Kipande kikianguka hakimpigi mtu. Neema hii Mwenyezi Mungu alituwekea mlangoni. Sisi tukatoa pahala. Ilimu ilikuja na wenyewe, na sehemu yake kubwa ikarudi nao. Kenya ilipokuwa na setilaiti yake, Taifa-1, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California, ndani ya roketi ya Wamarekani.

Na dunia haikungoja. Mwaka 2024 zilirushwa roketi zaidi ya 250, zaidi ya nusu zikiwa za Marekani, China ikifuata. Uhindi, iliyotawaliwa na Mwingereza kama sisi, ilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi tarehe 23 Agosti 2023.

Utasema, hao wana mali. Ndugu zetu wa Imarati wana mali pia, lakini hawakutosheka kununua. Tangu mwaka 2006 waliwapeleka vijana wao Korea Kusini wajifunze kuunda setilaiti kwa mikono yao, na tarehe 9 Februari 2021 chombo chao, Al-Amal, kikaanza kuizunguka Mirihi.

Imamu Ghazali aliihesabu hisabati, pamoja na tiba, katika fardhi kifaya: mji ukikosa mtu wa kuijua, wote wamo katika dhambi. Basi wewe mzazi wa Malindi, wa Lamu, wa Mombasa, mwanao akirudi skuli ameshindwa na hisabati, humwambiaje? Wengi wetu tumesikiwa tukisema, “Si kitu, atapata kazi bandarini.”