Je, Ni Lazima Dawa Iume?

Tangu utoto wetu tumeambiwa kuwa dawa isiyouma haiponyi. Spiriti ikichoma, tulisema inafanya kazi. Ayodini ikikutoa machozi, mama aliridhika. Imani hii imetutawala hata nje ya zahanati. Katika chumba cha walimu nimeisikia mara nyingi ikisemwa juu ya fimbo, tena na watu wenye huruma kabisa majumbani mwao. Ndiyo maana naona inafaa ipimwe, na kipimo changu kitakuwa kidonda.

Dada yangu mkubwa aliishi kwa miaka kadhaa na kidonda juu ya kifundo cha mguu. Kilikuwa donda ndugu hasa, lile linalokaa nawe kama jamaa asiyeaga. Kila alipokwenda kusafishwa, kitambaa cha shashi kilichokauka na kugandamana na nyama kilibanduliwa kwa mvuto mmoja. "Vumilia mama, isipouma haiponi," aliambiwa. Naye alivumilia, maana ndivyo tulivyolelewa. Lakini kilichotoka na shashi ile hakikuwa uchafu peke yake. Ilitoka pia ngozi changa iliyokuwa imeanza kuota. Mwili ulikuwa ukijenga, sisi tukibomoa, kisha maumivu tukayahesabu kuwa ushahidi wa matibabu.

Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa Uingereza alichapisha matokeo ya majaribio aliyofanya kwa nguruwe wachanga. Majeraha aliyoyafunika kwa plastiki nyembamba, yakabaki na unyevu, yaliota ngozi mpya karibu mara mbili upesi kuliko yale yaliyoachwa wazi yakauke na kufanya kigaga. Sababu yake si ngumu. Seli za ngozi husafiri kutoka ukingoni mwa jeraha. Penye unyevu hupita kwa urahisi, penye kigaga hulazimika kujitafutia njia chini yake. Miaka miwili kabla ya hapo, Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walikuwa wameeleza aina ya plastiki laini inayonyonya maji, ambayo Wichterle aliitumia baadaye kutengenezea lenzi laini za macho. Katika ukoo huo ndimo zilimo haidrojeli za kufunikia vidonda: wavu wa nyuzi ndogo mno ulioshika maji, na maji hayo mara nyingi ndiyo sehemu kubwa ya uzito wake. Hulainisha nyama iliyokufa ili mwili wenyewe uiondoe, hupoza, na huondolewa bila kuchuna.

Siku dada yangu alipobadilishiwa jeli hiyo kwa mara ya kwanza, alimwuliza muuguzi, "Mwanangu, utaanza lini?" Muuguzi alikuwa ameshamaliza.

Hata hivyo nisiharakishe kuyalaani maumivu. Mwalimu mwenzangu mwenye kisukari alitembea kutwa na msumari uliotoboa soli ya kiatu, akaugundua jioni alipoona damu kwenye soksi. Kisukari kilikuwa kimeua hisia za nyayo. Mtu kama huyo angetoa mali yake ili aumwe. Nasema basi kwamba yako maumivu yanayotuletea habari, na yako yale tunayoyaongeza sisi, kisha tukayapa heshima ya yale ya kwanza. Shashi kavu haikumletea dada yangu habari yoyote. Na fimbo je? Hapo wenzangu watagombana nami, na wagombane: mtoto aliyekosa hesabu tayari anaumwa na kule kukosa, na hiyo ndiyo habari anayoihitaji.

Wala upole si kupaka jeli kila mahali. Mwenzangu yule aliiomba, muuguzi akamkatalia. Kidonda chake kilikuwa kinavuja sana, na kukiongezea maji kungeilowesha na kuiharibu ngozi iliyo kando. Alimwekea pedi ya kunyonya, akamkataza kuukanyagia mguu ule, akamsisitizia kudhibiti sukari. Hata dada yangu hakuponywa na jeli peke yake; alifungwa bandeji ya kubana ili damu isituame mguuni. Upole wa yule binti ulikuwa na masomo nyuma yake.

Linabaki jambo la bei. Dada alinunuliwa tyubu yake na wanawe. Kwenye benchi lile lile alikaa mama mwingine mwenye kidonda kama chake, asiye na tyubu. Dada akataka wagawane. Muuguzi alikataa, kwa kuwa tyubu iliyofunguliwa ni ya mgonjwa mmoja tu, vijidudu visihame. Nilimwona dada ameinama, kwa ile aibu ya mtu aliyenacho. Basi muuguzi akachukua maji safi ya chumvi, akailowesha shashi ya yule mama, akaiacha. Fedha haikutumika ya kusema, ila muda ulitumika: ilichukua karibu nusu saa shashi kuachia yenyewe, na foleni ilikuwa imetoka mlangoni hadi chini ya mwembe.