Kupinga Ubaguzi kwa Mizani Moja

Je, anayewadhulumu watu wake ana haki ya kukemea dhuluma ya wengine? Tulitazame swali hili kupitia mwanariadha wetu, John Akii-Bua.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, askari polisi huyu alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Kabla yake hakuna aliyewahi kuzimaliza chini ya sekunde 48. Tena alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali kuliko zote. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Mwaka 1976 alitarajiwa kuitetea Montreal. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, mwaka uleule watoto wa shule walipopigwa risasi Soweto. New Zealand isipofukuzwa, zaidi ya mataifa 20, mengi ya Afrika, yalisusia Olimpiki, Uganda ikiwemo. Akii-Bua hakukimbia. Edwin Moses wa Marekani alitwaa dhahabu na kuivunja rekodi yake.

Naona kususia kule kulikuwa haki. Kucheza na mbaguzi kana kwamba hakuna lililotokea ni kumpa heshima asiyostahili. Lakini ni nani aliyesusia? Ni serikali ya Idi Amin, ambayo Agosti 1972 iliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Akii-Bua aliposhinda Munich, siku hizo zilikuwa zikihesabika. Jinja na Mbale maduka yalifungwa, na familia ya Madhvani ikakiacha kiwanda cha sukari cha Kakira. Wengi walizaliwa hapahapa, na baadhi yao walikuwa Waislamu wenzetu. Akii-Bua naye alikuwa wa kabila la Lango, ambalo askari wake wengi waliuawa na utawala huo. Mwaka 1979 alikimbilia Kenya.

Wapo watakaosema Waasia walitudharau na kuhodhi biashara. Aliyekosa ahukumiwe kwa kosa lake, si kwa rangi yake. Wengine watasema Amin alikuwa Mwislamu, na mkutano wa Lahore wa 1974 alioushiriki ndio ulioamua kijengwe chuo kikuu cha Kiislamu Uganda, ambacho leo kiko hapa Mbale. Ni kweli. Lakini Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu.

Basi, je, kususia kule kulikuwa batili? La. Nasaha ya kuacha pombe ni sahihi hata ikitoka kwa mlevi. Ila mlevi huyo amepoteza udhuru, maana amekiri kwa ulimi wake kwamba anajua. Ndivyo ilivyo kwa anayelaani ubaguzi wa mbali huku akiutenda nyumbani. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nasi tujipime. Tunakasirika mashabiki wa Ulaya wanapomtupia mchezaji mweusi maganda ya ndizi, na tuna haki. Lakini uwanjani kwetu tunamwitaje Mkaramoja, Msomali au Mhindi anapokosa bao? Mizani ni moja.

Wabillahi tawfiq.