Jino Lililong'oka na Haki ya Mwenye Jino

Alhamdulillahi Rabbil-alamina. Amma baad. Ndugu zetu wa pwani hupanda bara kwa biashara, na ajali haina mipaka. Mtu aweza kuanguka na baiskeli huko Ringwani, wilaya ya Serengeti, akang'oka jino la mbele. Je, yajuzu kulirudisha, au kupandikiza jingine mahali pake?

Jua, ewe msomaji, kwamba Imamu Shafi katika Al-Umm amekataza kulirudisha, kwa kulihesabu kuwa ni mfu. Walakini Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ni kuwa mwanadamu ni tohara, hai na maiti, na kiungo kilichotengana naye ni tohara vilevile. Bassi sababu ikiondoka, hukumu huondoka nayo. Na Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, aliweka ya fedha ikanuka, Mtume s.a.w. akamwamuru aweke ya dhahabu. Ikiwa dhahabu, iliyo haramu kwa wanaume, imeruhusiwa kuziba upungufu, jino la mtu mwenyewe lina haki zaidi. Wala hili si kama kuchonga meno kwa urembo, jambo lililolaaniwa: huko ni kubadili umbo, na huku ni kulirejesha.

Bassi aliyeng'oka jino la ukubwani asiuguse mzizi; alisuuze bila kusugua, alirudishe palepale, au alitie katika maziwa na kumkimbilia tabibu upesi. La utotoni lisirudishwe. Likipotea, tabibu aweza kumhamishia kijana gego lake dogo ambalo mzizi wake haujatimia. Hilo nalo ni lake mwenyewe.

Lakini jino la mwingine? Hapa ndipo penye mtihani. Katika karne ya 18 mjini London, zama za tabibu John Hunter, maskini waling'olewa meno mazima kwa malipo, yakatiwa vinywani mwa matajiri. Mtu atasema: "Ameuza kwa ridhaa yake." Ridhaa ya mwenye njaa ni ridhaa gani? Tena mwili ni amana, na amana haiuzwi. Sheria imeliwekea jino diya ya ngamia watano, si ili lipate bei sokoni, bali ili aogope mwenye kulivunja. Na madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Pengo lako si aibu; aibu ni kumtia nduguyo pengo ili uzibe lako.

Wallahu aalam.