Msingoje Akiri

Wanangu, nimekula chumvi nyingi, na bado sijakutana na mlevi anayesema amezidisha. Atakwambia anaonja tu. Atakwambia ni mawazo, ni kazi, ni mke mwenye mdomo. Ada ya mtoto imekwisha, sufuria kubwa ya shughuli imeuzwa sokoni, naye anaapa kwamba akitaka kuacha ataacha kesho. Nanyi mnamjibu yale yale: muongo huyu, hana haya.

Taratibu. Mwanasaikolojia Anna Freud aliyaeleza haya mwaka 1936: mtu hukana, husingizia, humtwika mwenzake kosa, ili asiumizwe na ukweli asioweza kuubeba, na mara nyingi mwenyewe hajui kama anafanya hivyo. Pombe na unga navyo hudhoofisha sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayompimia mtu mambo na kumwambia basi. Mizani imeharibika, nanyi mnamgombeza muuzaji kwa kupunja.

Kisha kuna la kurithi. Mwaka 1973 mtafiti Donald Goodwin na wenzake walichapisha habari za wanaume wa Denmark waliolelewa na watu baki tangu wachanga. Waliozaliwa na mzazi mlevi waliangukia ulevi karibu mara nne ya wenzao, ingawa hawakukulia mikononi mwa mzazi huyo. Tafiti za mapacha nazo zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti baina ya watu katika uraibu wa pombe hutokana na jeni. Nusu tu, iliyobaki ni malezi, marafiki, misiba, na kilabu kuwa mlangoni. Kwa hiyo yule mjomba mnayemcheka harusini, wasimulieni watoto wake habari zake kwa heshima, wajue mapema kwamba glasi ya kwanza ni ghali zaidi kwao kuliko kwa jirani.

Kinachonichosha ni kungoja. Mnamficha chumba cha uani, mnasema karogwa, mnasubiri siku atakayopiga magoti na kukiri, na huku ini linaharibika na watoto wanajifunza kutembea kwa kunyata. Na tiba ipo. Pale hospitali ya Muhimbili, tangu mwaka 2011, mateja wa heroini wanapewa dawa ya methadoni: kila siku mtu anameza dozi yake mbele ya mhudumu, arosto inatulia, na kichwa kikitulia maneno ya ushauri yanapata pa kuingia.

Basi mpelekeni mgonjwa wenu hospitali wiki hii, angali anakana.