Fundi Aliyeziba Kauri

Fundi wa kisa hiki ni wa kutunga, msomaji asihangaike kumtafuta njia panda ya Usagara. Kazi yake, vifaa vyake na kosa lake si vya kutunga.

Alianzia Kigongo, enzi za kivuko. Wavuvi wa dagaa walipoachana na karabai wakahamia taa za LED, walihitaji mtu wa kuwachajia betri kabla ya siku za giza, maana dagaa hawavuliwi penye mbalamwezi. Fundi akaweka meza chini ya paa la mabati lisilo na ukuta hata mmoja. Akachaji miaka na miaka, vibanio akivichomoa huku chaja inaunguruma, na hakupata hata mkwaruzo. Akajiaminisha kwamba ana mkono mwepesi. Kumbe upepo wa ziwa ndio uliokuwa ukimfanyia kazi bila ujira.

Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa. Foleni ya kivuko ikaisha, na wengi waliokuwa wakiiuzia foleni ile wakafuata wateja kwingine. Fundi akahamia Usagara, pale barabara ya Sengerema na Geita inapoachana na ile ya Shinyanga, akapanga fremu ya mita tatu kwa tatu: ukuta pande zote, dirisha dogo, na dari ya jipsamu ambayo mwenye nyumba hakuacha kuisifia. Huko ndiko alikonunua seli sita kubwa za volti 2, mitumba iliyokwisha kustaafishwa kwenye mitambo, akaziunganisha kupata volti 12. Kila seli ilikuja na kifuniko cha kauri isiyong'aa, kavu na yenye kukwaruza ukiigusa.

Isipokuwa moja. Kifuniko chake kilivunjika njiani, akauziba mdomo wake kwa kitambaa.

Vile vitano vilivyobaki vilimkera. Vilikuwa na unyevunyevu, vilinuka uchachu, na maji ya betri yalipungua. Akili yake ikamwambia kwamba kauri imechoka, inavuja. Akachukua rangi ya mafuta iliyosalia kwenye kopo la kupakia mtumbwi, akavipiga mikono miwili mpaka vikang'aa.

Mpwa wake, kijana anayesomea umeme chuoni, alipita kumsalimu.

“Mjomba, hivi vifuniko umevifanya nini?”

“Vilikuwa vinavuja. Nimevitibu.”

“Havivuji, mjomba. Vimetengenezwa vipitishe gesi.”

“Kauri ipitishe gesi? Hiki kikombe ninachonywea chai nacho ni kauri. Umekiona kikivuja?”

Kijana alikuwa na jibu, lakini mbele ya mjomba mtu hunyamaza mapema. Akaaga.

Jibu lenyewe lilikuwa nyumbani kwa fundi, kwenye mtungi wa maji pembeni mwa jiko. Kikombe kimepakwa glazi, ngozi ya kioo isiyo na tundu. Mtungi haukupakwa; udongo wake uliochomwa umejaa vitundu, maji yanajipenyeza mpaka nje, yanakauka kwa upepo, na yanapokauka yanachukua joto la yale yaliyobaki ndani. Ukiupiga mtungi rangi ya mafuta utapata chombo kizuri cha maji ya uvuguvugu. Kwa haidrojeni, gesi nyepesi kupita zote, vitundu vya namna hiyo ni mlango wazi. Thomas Graham, mkemia wa Scotland, alilipima jambo hili na mwaka 1833 akachapisha kanuni yake: gesi kadiri ilivyo nyepesi ndivyo inavyopenya upesi, na haidrojeni hupenya mara nne ya oksijeni.

Waliounda vifuniko vile walikuwa wakiitumia sifa hiyo makusudi. Betri ikishajaa na chaja ikaendelea kusukuma, seli ikapanda kufikia kama volti 2.4, umeme hukosa kazi nyingine ukaanza kuyavunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Gesi hizo lazima zitoke. Kauri huziachia, huku ikikamata ukungu wa asidi na kuudondosha tena ndani. Ndiyo maana ilikuwa na unyevu. Tena ina kazi kubwa kuliko hiyo. Mwali wa haidrojeni haupiti kwenye mwanya ulio chini ya takriban nusu milimita, kwa kuwa kuta za mwanya huunyang'anya joto ukafa, na vitundu vya kauri ni vyembamba kuliko hapo kwa mbali. Gesi inatoka, moto hauingii. Alichokiona fundi kama kasoro ndiyo kazi yenyewe iliyolipiwa.

Kuna njia ya pili ya haidrojeni kupita kwenye kauri, na hiyo ingemshangaza hata mpwa. Mwaka 1981 Hiroyasu Iwahara na wenzake huko Japani walionyesha kwamba kauri iliyoshikamana kabisa, isiyo na tundu la kupitisha gesi, huweza kupitisha haidrojeni ikiwa ya moto sana. Haidrojeni huacha elektroni yake mlangoni, ikabaki protoni tupu, nayo hurukaruka kutoka oksijeni moja hadi nyingine ndani ya kauri mpaka upande wa pili. Kauri yao ilikuwa na seriamu, madini ambayo kiasi kidogo chake ndicho kilichoupa weupe mwanga wa kitambaa cha karabai. Wavuvi wetu walikuwa nayo siku zote mikononi. Baadhi ya seli za kuzalisha umeme kwa haidrojeni zinajengwa juu ya ugunduzi huo, nazo zina vitimbi vyake. Kauri ya bariamu na seriamu hupitisha protoni kwa wepesi, lakini ikikutana na hewa ya ukaa hugeuka kabonati na kumong'onyoka. Ya bariamu na zirikoniamu huvumilia zaidi, ila ni ngumu kuchoma ikashikamana, na mipaka ya chembe zake huzichelewesha protoni. Zote mbili hutaka joto la mamia ya nyuzi. Fremu ya Usagara haifiki 40 hata Oktoba. Kauri baridi iliyozibwa vitundu, basi, imezibwa kweli. Haina njia ya pili ya kujitetea.

Usiku mmoja fundi aliacha chaja ikisukuma ampea 10 kwenye seli zilizokwisha kujaa. Kila ampea-saa ya ziada hutoa karibu lita 0.42 za haidrojeni kwa seli. Zidisha kwa ampea 10, seli sita na saa nane: zinapata kama lita 200. Ukizisambaza sawasawa kwenye chumba chote hazifiki asilimia moja ya hewa, na haidrojeni hailipuki hadi ifike asilimia 4. Hesabu hiyo huwafariji wengi, lakini gesi haisomi hesabu za wastani. Ilipanda darini. Robo yake tu ikibaki kwenye sentimita kumi za juu, asilimia 4 imeshapitwa. Seli zilizozibwa zilivimba mbavu, zikatafuta nyufa kuzunguka nguzo za risasi. Ile ya kitambaa ilitoa yake taratibu, moja kwa moja juu ya mdomo wake.

Asubuhi akaja, akachomoa kibanio bila kuzima chaja, kama alivyofanya Kigongo maisha yake yote. Haidrojeni hutosheka na cheche ambayo jicho halitaiona, na ile ilionekana. Moto ulikwenda juu na chini kwa pamoja: juu ukaing'oa dari, chini ukapita kwenye kitambaa ukaingia ndani ya seli. Seli ikapasuka, asidi ikamrukia usoni.

Mwenye duka jirani hakukimbilia maziwa wala mafuta. Alimlaza fundi chini, akammwagia maji machoni ndoo baada ya ndoo, zaidi ya dakika ishirini, ndipo wakampakia kwenye bajaji. Jicho la kulia lilipona. La kushoto linaona ukungu.

Wavuvi walikuja kumpa pole na kudai betri zao kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa siku za giza zilikuwa zimeshaanza. Mpwa ndiye aliyekabidhiwa meza. Alijaribu kuvisafisha vile vifuniko vitano kwa thina. Rangi ya juu ikatoka, ila iliyokwisha kunywewa na vitundu haikutoka, na alipopuliza kwa mdomo pumzi haikupita. Akaagiza vipya sita. Meza akaitoa nje, chini ya mabati, na chaja akaiwekea swichi ukutani, mbali na seli, ili izimwe kwanza.

Mwenye nyumba bado anadai dari yake.