Je, Ni Halali Kumfurahisha Mtoto kwa Kisanduku cha Uongo?

Tumeletewa swali na mzazi mmoja aliyekaa miaka kadhaa katika jimbo la Minnesota, nchi ya Marekani, pamoja na mkewe na mtoto wao wa kiume. Swali lenyewe laonekana dogo, na yamkini wengine watalicheka. Sisi tulipolitafakari tuliona si la kuchekwa, tena wazazi wengi wamo ndani yake bila kujua. Kwa hiyo twalijibu hapa mbele ya wote, naye mwenyewe ametupa ruhusa, mradi tusimtaje jina.

Kwanza imetupasa kuueleza mchezo ambao jambo hili lilitokea ndani yake, maana kwetu ni wachache waujuao. Wenyewe huuita jiokashi. Mtu hutwaa kisanduku au kopo lisiloingiza maji, hutia ndani yake daftari dogo na vitu vya thamani ndogo, kama gololi, vifungo na vinyago vya watoto, kisha hukificha msituni, chini ya gogo au katika pango la mti. Halafu hutangaza mahali pake kwa hesabu za latitudo na longitudo, na kila apendaye huweza kwenda kukitafuta. Huongozwa na chombo cha mkononi kipokeacho ishara za setilaiti, nazo huizunguka dunia juu yetu kwa kadiri ya kilomita 20,000. Zamani serikali ya Marekani ilizichafua ishara hizo makusudi kwa watu wasio askari, hata chombo kiliweza kukosea kwa mita mia nzima. Usiku wa kuingia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, jambo hilo likakomeshwa. Siku iliyofuata mtu mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, akatangaza mahali ilipo, na baada ya siku chache ikaonekana. Ndani yake mlikuwamo hata kopo la maharage. Leo hairuhusiwi kutia chakula, kwa sababu ya wanyama, wala kufukia kisanduku ardhini. Lakini sharti la kwanza halikubadilika: achukuaye kitu aache kitu cha thamani ile ile au kupita, naye aandike jina lake daftarini. Visanduku hivyo sasa vimepita milioni 3 katika dunia yote.

Jamaa nyingi za huko huufanya mchezo huu wakati wa likizo, wakisafiri na hema kutoka hifadhi moja ya jimbo hadi nyingine. Hifadhi hizo si zile za taifa zima. Kila jimbo lina zake, na mara nyingi mwenye kutaka kuficha kisanduku ndani yake hana budi kuomba kibali. Mzazi wetu alikwenda Itasca, iliyo hifadhi ya kwanza ya jimbo la Minnesota, iliyowekwa mwaka 1891. Ni nchi ya misonobari mirefu na maziwa zaidi ya mia, na kutoka katika ziwa moja la hapo hutoka mto Mississippi, ambao mwanzo wake ni kijito tu. Mtoto mdogo huweza kuuvuka kwa kukanyaga mawe, na mto huo huo huenda zaidi ya kilomita 3,700 hata kufika baharini.

Basi, habari yenyewe ni hii. Mtoto alikuwa na miaka minne. Tangu asubuhi aliahidiwa kwamba wataona kisanduku, naye alitembea bila kubebwa, hata kupe waliokuwa majanini hakuwajali. Walipofika mahali palipotajwa walitafuta kwa saa nzima, wasione kitu. Mtoto akaanza kulia. Hapo baba akamwambia mama amchukue mtoto akanywe maji. Naye upesi akatoa kopo la majani ya chai mkobani, akatia kigari kidogo cha kuchezea na kipande cha karatasi, akaliweka katika mizizi ya msonobari. Mtoto aliporudi akaliona. Furaha yake, asema baba, haisemeki. Akachukua kigari, akachora mstari kwenye karatasi iwe jina lake, na kopo wakaliacha pale pale. Jioni, mbele ya hema, baba akatangaza kwa wachezaji wenzake kwamba kisanduku kimeonekana.

Usiku ule mama akamwambia mumewe, “Umemwongopea mtoto.” Baba akajibu, “Nimemfuta machozi.” Hawakupatana. Sasa wamerudi nyumbani, mtoto yu na miaka minane, na kigari kile amekitunza. Kila mgeni aingiaye husimuliwa jinsi alivyokiona kisanduku ambacho baba na mama walishindwa kukiona. Naye baba, kila asikiapo habari hiyo, huinama. Atuuliza: je, alitenda vibaya? Na kama alitenda vibaya, je, amwambie mtoto, au anyamaze mpaka asahau?

Wako watakaosema kwamba katika michezo hakuna uongo. Hilo lina ukweli wake, nasi hatutaki kuwa wakali pasipo sababu. Tuangalie desturi yetu wenyewe. Bibi aketipo jioni na wajukuu akasema “Kitendawili!” nao wakaitika “Tega!”, yeye alijua jibu tangu mwanzo. Huwaacha wahangaike, hukataa jibu hili na lile, na wakishindwa hudai mji kabla ya kuwafumbulia. Hapana mtu amwitaye bibi mwongo. Kwa nini? Si kwa kuwa jambo ni dogo, bali kwa kuwa watoto wajua kwamba bibi ajua. Alichoficha ni jibu tu, wala hakuficha kwamba analo. Na jibu lenyewe lipo. Halikutungwa ili kuwanyamazisha.

Hata huko Itasca kuna habari ya zamani ifaayo kukumbukwa hapa. Mwaka 1832 Henry Schoolcraft alifika ziwani pale akitafuta chimbuko la Mississippi, na sifa ya kuliona ikawa yake. Lakini aliyemwongoza ni Ozaawindib, mtu mkuu wa kabila la Ojibwe, na watu wa kabila hilo walilijua ziwa lao siku zote na walikuwa na jina lao la kuliita. Schoolcraft akalipa jina jipya, akilikata katika maneno mawili ya Kilatini, la kwanza maana yake kweli na la pili maana yake kichwa: veritas caput, na katikati yake mkatoka Itasca. Twaweza kumlaumu kwa kuwapa wenyeji jina la kigeni, na pengine yatupasa. Lakini hatuwezi kusema kwamba alidanganywa, au kwamba hakuliona ziwa. Aliliona kweli, maana lilikuwapo, na alijua kwamba amwongozaye alilijua kabla yake.

Kwa hiyo, baba aonaye kisanduku kabla ya mtoto, akanyamaza ili mtoto apate kukiona mwenyewe, sisi hatumhesabii hatia. Tumeambiwa kwamba baadhi ya wachezaji wana desturi njema sana: aliyeona kwanza hakigusi wala haonyeshi kwa kidole, bali hujitenga, huketi, na kusema neno walilopatana, na wenzake hujua ya kuwa yeye amekwisha kuona. Mtoto wa miaka minne aweza kulielewa neno hilo. Na akigeuka akauliza, “Baba, umekiona?” basi baba ajibu, “Nimekiona, tafuta.” Hapo mchezo haukuharibika hata kidogo, twadhani watamu zaidi. Lakini akijibu, “Sijakiona,” amekwisha kuvuka mpaka. (Mara nyingi hata hapana haja ya hayo yote. Chombo kile huweza kukosea mita kadhaa, na chini ya miti mikubwa hukosea zaidi. Wakubwa hutazama juu juu, na mtoto, aliye karibu na ardhi, hutangulia kuona.)

Aliyoyafanya mzazi wetu ni ya namna nyingine. Yeye hakunyamaza juu ya kitu kilichokuwapo, bali alikiweka kitu mahali pa kile kisichokuwapo. Mtoto alitafuta kisanduku kilichofichwa na mgeni asiyemjua, kwa ajili ya watu wote. Akapewa kopo la nyumbani na kigari cha dukani. Kama baba angalimpa kigari kile mkononi, akisema, “Mwanangu, hatukukiona kisanduku, umejitahidi sana, pokea hiki,” kingalikuwa zawadi ya kweli, na machozi pengine yangalikauka vile vile. Asipokauka machozi, ni machozi ya saa moja. Twaona kwamba baba hakuogopa sana huzuni ya mtoto kuliko alivyoogopa yeye mwenyewe kuonekana ameshindwa kutimiza ahadi. Asitukasirikie kwa neno hili; wazazi wengi ndivyo tulivyo.

Tena ahadi yenyewe ilikuwa na kosa. “Tutaona kisanduku” ni neno asiloweza kulisema mtu juu ya kitu kilichofichwa porini. Mafuriko hukichukua, mnyama hukibeba, mtu asiyejua mchezo hukitupa akidhani ni takataka. Kilichompasa kuahidi ni hiki: “Tutakwenda kutafuta.”

Liko jambo lingine ambalo mzazi hakutuuliza, nasi hatuwezi kulipita. Alidhani neno lake limebaki kati yake na mtoto. Sivyo. Katika mchezo huu, asiyeona kisanduku huandika kwamba hakuona, na wachezaji wazuri hawaoni haya kuandika hivyo, kwa sababu maandiko hayo ndiyo yamjulishayo mwenye kisanduku ya kwamba huenda kimepotea. Mzazi wetu akaandika kwamba kimeonekana. Basi mwenyewe akatulia, asiende kutazama. Wengine wakasafiri kwa kulitegemea neno lile, nao labda walikuwa na watoto wao. Aidha hawakuona kitu wakajiona wajinga, au waliliona kopo la chai wakaandika majina yao katika karatasi ya uongo. Na kopo lile, lisilo na kibali cha wenye hifadhi, lilikuwa taka iliyoachwa msituni. Hata wachezaji huikataa desturi ya mtu kuweka kisanduku chake mahali pa kile asichokiona. Walijua, pasipo sisi kuwafundisha, kwamba mchezo unaosimama juu ya uaminifu wa watu wasioonana hauwezi kuvumilia jambo hilo. Mtu yu peke yake chini ya mti. Hapana amtazamaye akichukua gololi na kuacha kokoto. Hapana amhakikishiaye aliyoyaandika.

Sasa, je, amwambie mtoto?

Tumesikia hoja ya wasemao anyamaze. Wanasema mtoto ana furaha, furaha haidhuru mtu, na kumwambia ni kumnyang'anya. Hoja hii ina huruma ndani yake, na kama mtoto angalikuwa amesahau labda tungalisita. Lakini hajasahau. Husimulia. Kila mara asimuliapo habari ile anakuwa shahidi wa jambo ambalo halikutukia, naye hajui, na baba yake amesimama karibu akisikia. Hili ndilo lituumizalo kuliko kopo. Mtoto mwenyewe hakusema uongo hata mara moja, na hata hivyo uongo unaenea kwa kinywa chake, nyumba kwa nyumba. Siku moja ataujua. Atatafuta maandiko ya wachezaji juu ya kisanduku kile, maana habari hizo huweza kubaki miaka mingi, au atasikia wazazi wakizozana. Ndipo ataanza kuuliza ni mambo gani mengine katika utoto wake yaliyowekwa na baba mizizini kabla hajafika. Mlango huo baba asingoje ufunguliwe na mwingine.

Twamshauri amwambie mapema, wawili tu, wala si mbele ya wageni. Asianze kwa kujitetea. Aseme walitafuta saa nzima, kisanduku hakikuwapo, naye hakuweza kuyavumilia machozi yake, akaliweka kopo. Kisha anyamaze, amwache mtoto akasirike ikiwa atakasirika, asimharakishe kusamehe. Mtoto wa miaka minane ana haki ya kukasirika juu ya jambo la namna hii. Na yaliyo ya kweli amkumbushe pia: kwamba alitembea kwa miguu yake mwenyewe, kwamba aliuvuka mto Mississippi kwa kukanyaga mawe, kwamba alilala hemani. Hayo hapana aliyeyaweka kwa ajili yake.

Kisha wakae pamoja, baba na mwana, wamwandikie mwenye kisanduku, kwa njia ile ile iliyotumika kutangaza, kwamba siku ile hawakukiona, na kwamba kopo lililo katika mizizi, kama lingaliko, liondolewe. Mtoto aweza kutia jina lake chini ya barua. Siku hizi anajua kuandika. Kigari asinyang'anywe.