Kiongozi Huyu Anamtumikia Nani?

Swali hili huulizwa mlangoni mwa kanisa, wakati mnada wa ndizi na mayai umekwisha na watu wanasalimiana kabla ya kurudi nyumbani. Huulizwa kwa sauti ya chini: "Mchungaji, huyu mheshimiwa wetu, kwa kweli anatutumikia sisi au anajitumikia mwenyewe?" Mara nyingi anayeuliza ana jibu lake tayari. Anayempenda mheshimiwa ataonyesha barabara, na asiyempenda ataonyesha ghorofa. Sisi wachungaji, kwa kuogopa kuugawa usharika, tumezoea kujibu kwamba moyo wa mtu anaujua Mungu peke yake.

Jibu hilo ni la kweli, lakini tumelitumia kama mlango wa nyuma. Tunalitoa, kisha tunaondoka, na aliyeuliza anabaki na swali lake. Katika kurasa hizi chache tungependa turudi mlangoni pale, tusimame naye kidogo.

Tuanze kwa kukiri kwamba kuutazama moyo wa kiongozi hakutatufikisha mbali. Kanisa letu linafundisha kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Kama ndivyo ilivyo kwa mwamini anayeshika Meza ya Bwana, tutampata wapi mwanasiasa ambaye ndani yake hamna chembe ya kujipenda? Anayechimba kisima anapenda pia kuonekana amechimba kisima. Nasi tunaohubiri tunapenda kusikia kwamba mahubiri yalikuwa mazuri. Tukitaka kiongozi asiye na maslahi yoyote yake, tutangoja mpaka Bwana arudi.

Historia ya Kanisa letu yenyewe inatufundisha hivyo. Kila tarehe 31 Oktoba tunakumbuka Martin Luther na hoja zake 95 za mwaka 1517, lakini ni mara chache tunawataja watawala wawili waliosimama pande mbili za habari ile. Wa kwanza ni Friedrich wa Saxony, aliyeitwa Mwenye Hekima. Ndiye aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Wittenberg mwaka 1502, na ndiye aliyemficha Luther katika ngome ya Wartburg mwaka 1521, wakati maisha yake yalipokuwa hatarini. Tungependa kusema alifanya hayo kwa kuipenda Injili. Lakini Friedrich alikuwa mkusanyaji mkubwa wa masalia ya watakatifu, maelfu kwa maelfu, na watu walisafiri kwenda Wittenberg kuyatazama ili wapate msamaha, wakitoa na sadaka. Alipomzuia Johann Tetzel asiuze vyeti vya msamaha katika nchi yake, sababu mojawapo ilikuwa kwamba hakutaka fedha za watu wake ziende kwingine. Alimlinda profesa wake, akalinda heshima ya chuo chake, akalinda na mapato yake. Mungu aliupitisha mkono wake katika mchanganyiko huo, na sisi Walutheri ni sehemu ya mavuno yake.

Wa pili ni Albrecht, askofu mkuu wa Mainz, ambaye wakati ule alikuwa pia mtawala mwenye nguvu sana katika Ujerumani. Alikuwa tayari na Magdeburg na Halberstadt chini yake, kisha mwaka 1514 akaongeza Mainz. Vyeo vingi namna hiyo vilihitaji kibali cha Roma, na kibali kilikuwa na bei. Albrecht alikopa kwa ukoo wa mabenki wa Fugger. Ili alipe deni, aliruhusiwa kusimamia uuzaji wa vyeti vya msamaha, na makubaliano yakawa kwamba nusu ya mapato ingejenga kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, na nusu ingelipa mkopo wake. Mama maskini aliyefungua kitambaa chake atoe sarafu aliambiwa habari ya kanisa la Roma na habari ya roho za wafu wake. Habari ya deni la askofu mkuu hakuambiwa.

Wapendwa, tofauti ya watu hawa wawili haikuwa kwamba mmoja alikuwa na maslahi na mwingine hakuwa nayo. Wote wawili walikuwa nayo. Lakini maslahi ya Friedrich yalijulikana. Masalia yake yalionyeshwa hadharani, na mwaka 1509 alitoa hata kitabu chenye picha zake. Maslahi ya Albrecht yalikuwa chini ya meza, na mpango mzima ungeharibika kama yangewekwa juu ya meza. Hapo ndipo tunaanza kupata jibu kwa yule aliyetushika mkono mlangoni. Moyo hatuuoni, ila tunaweza kuuliza kama jambo analolifanya kiongozi lingeweza kusimama endapo wale wanaolilipia wangeambiwa lote.

Maandiko nayo yanauliza hivyo. Katika 1 Samweli 12, Samweli ni mzee anayekabidhi madaraka. Hawaambii Waisraeli kwamba aliwapenda, wala kwamba nia yake ilikuwa njema. Anasimama mbele yao na mbele za Bwana na kuwataka wamshuhudie: ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa, au punda wa nani, nani aliyemdhulumu, rushwa ya nani iliyompofusha macho. Tuangalie vitu anavyovitaja. Ng'ombe na punda vinahesabika, na mwenye punda yupo pale kwenye mkutano, anaweza kuinuka na kusema. Samweli ameweka maisha yake mahali ambapo watu wadogo wanaweza kuyakagua, tena ameahidi kurudisha kama ikionekana alitwaa. Kiongozi wa namna hiyo hahitaji kutuapia juu ya moyo wake.

Taifa letu liliwahi kuielewa hekima hii. Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya Mwalimu madarakani tulilisikia Azimio la Arusha kwa wazazi na walimu wetu kuliko tulivyoliishi. Lilipotangazwa Februari 1967, lilikuwa na sehemu ya miiko ya uongozi. Kiongozi wa chama au serikali asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Mtu anaweza kubishana na siasa ya Ujamaa, na wengi wamebishana, lakini miiko ile haikumwomba kiongozi awe malaika. Ilitaja hisa, mshahara na nyumba, vitu ambavyo hata jirani yake angeweza kuvihesabu. Albrecht na vyeo vyake vitatu asingepita.

Mwaka 1991, katika kikao cha Zanzibar, chama kililegeza masharti hayo. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake. Ni jambo jema kwamba sheria ipo. Lakini tamko linalopelekwa ofisini ni tofauti na Samweli aliyesimama mkutanoni, akimtazama mwenye punda usoni.

Hapa inatupasa tuwe wakweli juu ya jambo moja. Mikono safi peke yake haitoshi. Mwalimu Nyerere hakujilimbikizia mali, na hilo hata waliompinga walilikiri. Lakini katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 familia nyingi zilihamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao, na wapo wazee katika sharika zetu wanaokumbuka nyumba zilizobomolewa. Kwa hiyo mtu anaweza asiibe hata senti moja, na bado akawaumiza watu kwa kutowasikiliza. Kuutumikia umma ni kutotwaa punda wa mtu, na ni kumsikiliza pia mwenye punda anaposema.

Wapo watakaotujibu kwa methali: mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Wanaitumia kama ruhusa, kwamba kila aliyepata nafasi ale, na zamu yetu ikija nasi tutakula. Tunawaomba waitazame methali hiyo tena. Mbuzi hakujifunga mwenyewe. Yupo aliyepima kamba na kuamua mbuzi afike wapi. Shamba likiliwa, tumuulize na mwenye kamba alikuwa wapi.

Na hapo ndipo swali la mlangoni linapotugeukia sisi. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunaezeka kanisa. Kuta zilikuwa zimesimama misimu miwili ya mvua bila paa. Baraza la wazee lilikaa, likakubali kufanya harambee, na likakubali pia kumwalika mwanasiasa mmoja mkubwa awe mgeni rasmi. Barua ya mwaliko tuliiandika na kuipeleka wenyewe. Alikuja, akatoa fedha taslimu ambazo usharika mzima usingezikusanya kwa mwaka, na sisi tukampigia makofi tukiwa tumesimama. Hakuna aliyeuliza fedha zile zimetoka wapi. Jumapili iliyofuata, katika matangazo, katibu alisoma kama kawaida: sadaka ya wiki iliyopita, fungu la kumi, mkungu wa ndizi wa mama fulani na ulinunuliwa kwa kiasi gani. Sarafu ya mjane tuliisoma mpaka senti ya mwisho. Bahasha kubwa tuliipa sentensi moja ya shukrani.

Baada ya mabati kupanda, wanakijiji walitujia, Walutheri na wasio Walutheri. Mradi wa maji ulikuwa umesimama, mabomba yamelala kwenye majani, na hawakuwa wakipewa maelezo. Walitaka mchungaji na wazee waende pamoja nao kuuliza. Hawakuja kumshtaki mtu. Walitaka kuuliza tu. Tulijikuta ulimi mzito. Tulisema tutaliombea. Mzee mmoja wa baraza, baba wa watu, ambaye hasemi sana, alituambia jioni ile: "Mchungaji, tumeuza mdomo, tumenunua bati."

Hatujui kama yule mgeni wetu alikuwa na hatia yoyote kuhusu maji, na hatumhukumu. Lakini tulielewa kilichotupata. Tulikuwa tumemwomba mtumishi wa umma atutumikie sisi kwa siri kidogo, upande wetu, paa letu. Tulimpima kwa alichotupa, wala hatukukumbuka vijiji alivyopewa avitunze. Kesho yake tungeweza kusimama mimbarani na kumkemea kiongozi anayejali maslahi binafsi, huku mvua ikilia juu ya maslahi yetu binafsi. Kiongozi anayedaiwa mchango kwenye kila harusi, kila msiba na kila harambee, kwa mshahara unaojulikana, anasukumwa na sisi wenyewe kutafuta kamba ndefu zaidi.

Tulimaliza kwa shida. Tuliwafuata wanakijiji baadaye, tukaomba radhi, tukaenda nao kuuliza. Baraza likaamua kwamba mchango wowote kwa usharika, wa mkubwa au mdogo, utasomwa kwa jina na kiasi, na kwamba anayeshika madaraka akija kusali atakaa benchini kama msharika. Tangu hapo bahasha zimepungua. Dari la kanisa hatujaliweka mpaka leo, na mvua ikinyesha wakati wa mahubiri hatusikilizani. Wapo wazee wanaosema tulikosea, na kila masika wanatukumbusha.

Luther alitufundisha katika Katekisimo kwamba tunapoomba mkate wetu wa kila siku tunaomba pia serikali njema na watawala waaminifu. Basi utawala mwema ni kama unga: ni zawadi ya Mungu, na hata hivyo lazima mtu auchekeche na kuutazama kama una wadudu. Atakayetuuliza tena mlangoni kama mheshimiwa anatutumikia sisi au anajitumikia, tutamwambia tusiulize moyo wake. Tuulize ng'ombe na punda. Tuulize mabomba yaliyolala kwenye majani. Tuulize hadharani, kwa heshima, bila chuki. Na kabla ya kwenda kuuliza, tupitie kwanza daftari la mtunza hazina wetu, tuone kama tungethubutu kulisoma lote mbele ya wale wenye kiu.